Komanda: Dawa ya kupunguza mafuta ya damu inataka hesabu, hasa kwa aliyekimbia vita

KOMANDA, ITURI – Hapa kwenye njia panda ya Bunia, Mambasa na Beni, watu wanaokimbia vita wanafika karibu na mizigo ileile: sufuria, blanketi, kadi ya uchaguzi, simu, na mtoto mgongoni. Dawa mara nyingi zinabaki nyumbani. Zinabaki juu ya kabati, chini ya mto, au ndani ya koti ambalo hakuna aliyekumbuka kulichukua. Na dawa inayosahauliwa upesi kuliko zote ni ile ya ugonjwa usiouma.

Kolesteroli ni ugonjwa wa namna hiyo. Malaria inatetemesha, meno yanauma, kidonda kinaonekana. Mafuta yaliyozidi ndani ya damu hayatoi sauti. Mtu analima, anabeba mzigo, anacheka na jirani, huku mishipa ikijaa uchafu polepole kama mfereji usiozibuliwa. Siku unapoziba kabisa, mdomo unapinda, mkono unakufa ganzi, au kifua kinabana kama kimekanyagwa. Watu husema amerogwa. Kumbe jambo hilo lilianza zamani.

Wengi katika Irumu bado wanasema huu ni ugonjwa wa matajiri wa Kinshasa na Bunia, wenye matumbo makubwa na magari. Si kweli. Kuna watu wembamba ambao damu yao ina mafuta mengi kwa sababu wameyarithi kwa wazazi. Kuna wenye ugonjwa wa sukari. Kuna wanaokunywa pombe kali kila mangaribi. Tena kuna waliokuwa wakilima kila siku, na leo, kwa sababu ya vita, wanakaa mchana kutwa mbele ya kibanda cha turubai bila shamba, wakila chakula kilekile mwezi hadi mwezi.

Papa mmoja wa miaka 61, dereva wa zamani wa malori kwenye barabara ya Komanda–Mambasa, anajua habari hii kwa mwili wake. Kabla ya kukimbia alikuwa amepata kiharusi, ile wanayoiita AVC. Alipelekwa Bunia, akatibiwa, mkono ukarudi. Aliporudishwa nyumbani alipewa dawa ya tansio, aspirini kidogo, na simvastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja kila usiku. Munganga alimwambia: hii ya mwisho utaikunywa hata ukijisikia mzima. Papa aliitika. Kwa karibu miaka miwili aliikunywa bila kukosa, mke wake akimkumbusha baada ya chakula cha jioni.

Kisha ikaja usiku wa kukimbia. Yeye, mke wake na wajukuu watatu walifika Komanda kwa miguu, wakapokelewa na jamaa ambao nao walikuwa tayari wamepokea wengine. Plaketi za dawa zilibaki kijijini. Siku za kwanza alitaka kurudi kuzichukua. Mke wake alikataa. Alisema: “Papa, ulikimbia risasi ili uishi. Utarudi kwenye risasi kwa sababu ya kidonge?”

Mama huyo alikuwa na haki, na kila familia iliyohama makwao ingefaa kulishika neno lake. Siku chache bila dawa ya kolesteroli haziui mtu hapohapo. Dawa hii inafanya kazi yake kwa miezi na miaka. Hakuna plaketi inayostahili kufuatwa katika kijiji chenye bunduki. Lakini siku chache zisigeuke miezi. Aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo asikae akingoja mambo yatulie. Afike kwenye kituo cha afya mapema, aseme ni dawa gani alikuwa anakunywa, na aseme ukweli kuhusu siku alizokosa.

Papa hakufanya hivyo. Wiki zilipita. Alipopata pesa kidogo kwa kusaidia kupakua mahindi, alikwenda kwa muuzaji wa dawa mwenye meza yake pembeni ya soko. Aliomba dawa ya mafuta ya damu. Muuzaji alimpa paketi mbili za majina tofauti, akamwambia zote ni nzuri. Moja ilikuwa simvastatini. Nyingine ilikuwa na jina kubwa la kiwanda mbele, na chini yake, kwa herufi ndogo, neno atorvastatini. Papa hakusoma herufi ndogo. Alianza kunywa zote mbili, na usiku mwingine aliongeza kidonge ili kufidia siku zilizopotea.

Wiki iliyofuata alishikwa na kikohozi. Pale pale sokoni akauziwa eritromisini, antibiotiki. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa na dawa nyingine tumboni.

Baada ya siku tano mapaja yakaanza kuuma kama ya mtu aliyetembea kutoka Mambasa bila kupumzika. Mabega yakafuata. Alishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Mkojo ukawa wa rangi ya Coca. Jamaa walikaa kushauriana. Mmoja alisema ni malaria kali. Mwingine alisema ni sumu, kwa kuwa papa alikuwa amegombana na mtu juu ya kiwanja. Wa tatu alisema wamtafutie dawa za miti.

Aliyeokoa maisha yake ni muuguzi mmoja ambaye, kabla ya kushika sindano, aliuliza swali moja.

“Mama, leta dawa zote anazokunywa. Zote, hata za sokoni, hata za miti.”

Mama aliona haya. Alifungua kipochi chake, akapanga paketi juu ya kitanda moja moja. “Munganga, usitukasirikie.”

“Sikasiriki, mama. Nahesabu.”

Alihesabu, akakuta dawa mbili za kundi moja, na juu yake antibiotiki inayozuia mwili kuitoa dawa hiyo. Alizisimamisha dawa za kolesteroli na eritromisini palepale, akapima malaria pia, akamweka papa kwenye maji ya mshipani, na kumtuma hospitali kwa pikipiki siku hiyohiyo ili figo zake zipimwe. Papa alilala huko zaidi ya wiki moja. Figo zilirudi. Miezi baadaye daktari alimrudishia dawa ya aina moja, kwa kipimo kidogo, na kumpa tarehe ya kupimwa tena.

Kilichompata kina jina katika vitabu vya waganga, na maelezo yake ni rahisi. Dawa hizi zinaitwa statini. Kazi yake iko ndani ya ini, ambako mwili unatengeneza kolesteroli yake wenyewe; statini inapunguza utengenezaji huo, na ini linavuta kolesteroli mbaya kutoka kwenye damu. Mtu wa kwanza kuzigundua ni Mjapani, Akira Endo, aliyezipata mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndani ya ukungu, wa ukoo mmoja na ule unaoota juu ya matunda yaliyooza. Mwaka 1987 statini ya kwanza iliruhusiwa kuuzwa Marekani. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliiweka simvastatini kwenye orodha yake ya dawa za lazima. Kwa hiyo si dawa ya majaribio, na si dawa ya anasa. Imewakinga watu wengi sana duniani na kiharusi na mshtuko wa moyo.

Lakini ikizidi ndani ya damu, inaweza kuumiza misuli. Mara nyingi ni maumivu madogo tu yanayopita au yanayoisha kipimo kikipunguzwa. Mara chache sana misuli inavunjika, na mabaki yake yanamiminika kwenye damu hadi figo, yakiziziba. Ndipo mkojo unakuwa mweusi. Mwezi wa nane 2001 statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni duniani kwa sababu watu walikufa namna hiyo. Baadhi yao walikuwa wakiinywa pamoja na dawa nyingine ya mafuta ya damu, jemfibrozili. Tangu wakati huo waganga wanajua kwamba mara nyingi hatari iko katika kuchanganya.

Hapa kwetu jambo hili lina ugumu wake. Mkojo mweusi na uchovu wa mwili mzima ni vitu ambavyo watu wa Ituri wamevizoea kuviita malaria au homa ya manjano ya ini. Na huenda ni kweli, kwa sababu malaria iko. Ipimwe, itibiwe, haisubiri. Lakini mgonjwa anayekunywa statini, akiona misuli inauma bila kazi, anaishiwa nguvu, mkojo unabadilika rangi, au macho yanakuwa manjano, asiishie kwenye dawa ya malaria. Asimamishe kidonge cha kolesteroli na aende kwa munganga siku hiyohiyo, akisema wazi: “Mimi nakunywa statini.” Neno hilo moja linaweza kubadilisha matibabu yote.

Dawa za kuangalia zaidi ni hizi. Antibiotiki mbili, eritromisini na klaritromisini, zinapandisha simvastatini na atorvastatini ndani ya damu. Mara nyingi munganga atasimamisha simvastatini kwa siku za antibiotiki, kisha atairudisha. Dawa za fangasi za kunywa, kama ketokonazoli na itrakonazoli, ni hivyohivyo. Anayekunywa dawa za kupunguza nguvu za virusi vya ukimwi aseme ni zipi, kwa sababu zenye ritonaviri hazipatani kabisa na simvastatini. Anayetibiwa kifua kikuu ajue kwamba rifampisini inafanya kinyume: inaifukuza statini mwilini haraka, na kidonge kinabaki bila nguvu. Asiache dawa ya kifua kikuu kwa sababu hiyo. Aongee na munganga. Hata pamplemusi, lile chungwa kubwa chungu, linapandisha dawa hizi mtu akila au kunywa maji yake kwa wingi. Machungwa ya kawaida, maembe na nanasi havina neno.

Trigliseridi ni mafuta mengine ndani ya damu, na yana tabia yake. Yanapanda kwa sukari, soda, fufu nyingi isiyo na mboga, na zaidi ya yote kwa pombe: lotoko, kaikpo, bia, zote ni sawa mbele ya ini. Zikipanda mno zinaweza kuwasha kongosho, na maumivu ya kongosho ni makali hata mtu mzima hulia. Kwa hali hiyo daktari anaweza kutoa dawa ya kundi la fibrati, kama fenofibrati, ambayo mara nyingi inanywewa pamoja na chakula. Nayo ina masharti: mwenye figo mbovu au mawe kwenye nyongo aseme kabla ya kuianza. Na jemfibrozili haichanganywi na statini.

Maabara zetu, kwa mtindo wa Kifaransa, mara nyingi zinaandika matokeo kwa gramu kwa lita. Kolesteroli yote kwa jumla, kwa mtu mzima asiye na tatizo, inatakiwa kuwa chini ya gramu 2. Trigliseridi chini ya gramu 1.5. Trigliseridi zikipita gramu 5, kongosho liko hatarini. Kwa kipimo cha trigliseridi, mtu huombwa kufika bila kula kwa saa 9 hadi 12, maji matupu yanaruhusiwa. Aliyekunywa chai ya sukari njiani aseme, ili asipewe dawa kwa makosa ya kikombe kimoja. Na aliyeanza dawa anapimwa tena baada ya wiki 4 hadi 12, kuona kama inafanya kazi na kama ini linaivumilia.

Si kila namba iliyopanda inataka kidonge. Kwa mtu ambaye hajapata kiharusi wala hana sukari, mara nyingi munganga ataanza na chakula na kutembea. Hapo ndipo mawese yanaingia kwenye mazungumzo, na mazungumzo hayo yanataka uangalifu. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayopandisha kolesteroli mbaya. Mtu mzima aliyekatazwa apunguze kijiko kwenye sombe, apunguze mikate ya kukaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa mara nyingi, aongeze maharagi, lengalenga na matunda. Lakini mawese mekundu yana vitamini A, na mtoto aliyekonda kambini anayahitaji. Isije ikawa baba ameambiwa apunguze, nyumba nzima ikanyimwa. Katazo la munganga lina jina la mtu mmoja.

Vivyo hivyo kidonge. Hakigawiwi kwa jirani kwa kuwa naye amesikia kizunguzungu. Mtoto hapewi. Mama mwenye mimba, anayenyonyesha, au anayetaka kuzaa amwambie munganga mapema, kwa kuwa statini kwa kawaida husimamishwa wakati huo. Mwenye ini bovu au anayekunywa pombe kila siku asianze bila kupimwa. Simvastatini inanywewa jioni, kwa sababu ini linatengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atorvastatini inaweza kunywewa saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku. Aliyesahau kidonge asubiri saa ya kesho. Vidonge viwili kwa pamoja havilipi deni la jana. Papa dereva alijaribu kulilipa, na aliyedaiwa ni figo zake.

Linabaki swali la pesa, na hakuna haja ya kulificha. Familia inayopima unga kwa kikombe haiwezi kila mwezi kununua dawa tatu. Wengi hukata wenyewe: wananunua ya tansio, wanaacha ya kolesteroli, au wanakunywa siku moja na kuruka moja. Uamuzi kama huo ufanyike mbele ya munganga. Yeye anajua ni dawa ipi haiwezi kuachwa hata siku moja, ipi ina aina ya bei ndogo yenye nguvu sawa, na ipi pengine haihitajiki tena. Kumwambia munganga “sina pesa” si aibu. Hatari iko pale mgonjwa anapomwambia “nakunywa zote” wakati plaketi imeisha mwezi uliopita: namba zikiwa mbaya, munganga ataongeza kipimo cha dawa ambayo mgonjwa hainywi.

Watu wa eneo hili wanajua muda mrefu kwamba vita haviheshimu kitanda cha mgonjwa. Tarehe 5 Septemba 2002 hospitali ya CME Nyankunde, kwenye barabara hii hii ya Bunia, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa, na walionusurika walitembea msituni hadi Oicha. Na baada ya tarehe 27 Julai 2025, siku waumini walipouawa kwenye kanisa katoliki la Komanda, hata wenyeji wa mji walielewa maana ya kulala mizigo ikiwa imefungwa.

Basi dawa nayo ifungwe ndani ya mzigo huo. Vidonge vya siku saba vikae ndani ya plaketi yake, si vimwagwe ovyo kwenye mfuko, maana plaketi inaonyesha jina, nguvu na tarehe ya kuisha. Viwekwe pakavu, mbali na jiko na mbali na turubai linalochomwa na jua, wala mtoto asivifikie. Karatasi ndogo iandikwe: jina la dawa lenyewe, si la kiwanda, miligramu ngapi, saa ngapi, ugonjwa gani, na dawa zilizowahi kumdhuru. Karatasi hiyo ikae ndani ya plastiki pamoja na kadi ya uchaguzi, kwa sababu hiyo ndiyo kitu ambacho hakuna Mkongomani anayekisahau akikimbia. Mwenye simu apige picha ya paketi na kumtumia mwanawe au ndugu aliye mbali. Simu ikipotea, picha imebaki kwa mwingine.

Mzee asiyejua kusoma amweleze mtu mmoja nyumbani, mjukuu wa shule ama binti, awe mtunza hesabu wake. Na familia inayowapokea waliokimbia, jioni ya kwanza, baada ya kuuliza “mmekula?”, iulize pia: “Kuna anayekunywa dawa kila siku hapa?” Swali hilo halina gharama. Akipatikana mmoja, kesho asubuhi apelekwe kituo cha afya, hata kama anasema hajisikii vibaya.